Mkalimani wa Okurut

Okurut alirudi Mukuju mzima, viungo vyote mahali pake, na hilo peke yake lilitosha watu kuchinja kuku. Kasoro ilikuwa moja tu, tena ndogo, hata ya kuchekesha. Akisema sentensi moja, alinyamaza. Alinyamaza kiasi cha mtu kumeza mate mara mbili tatu, kisha akasema sentensi ya pili, akanyamaza tena.

"Safari ilikuwa refu," alimwambia mkewe siku ya kwanza. Kimya. "Lakini nashukuru Mungu nimefika." Kimya. "Hii chai ni tamu."

Mkewe, Mildred, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, muuza mitumba asiyejua kuongea polepole hata kanisani, alimcheka. "Wewe nawe! Unaongea kama simu ya kukatikakatika. Maliza basi nisikie."

Okurut naye akacheka, akasema ni mazoea ya kazi. Kwa miaka mitatu alikuwa afisa wa masuala ya kiraia katika kikosi cha kulinda amani, kule kaskazini, nchi ambayo vijiji vilikuwa vinachomana moto. Hakubeba bunduki. Kazi yake ilikuwa kukaa chini ya turubai na wazee wa pande zinazopigana, kuwasikiliza, kuwapatanisha, na kupeleka maombi yao kwa wakubwa. Lugha yao hakuijua. Alikuwa na mkalimani, baba wa watoto wanne aitwaye Lado, aliyejifunza Kiswahili zamani alipokuwa mkimbizi Uganda. Lado alikaa nyuma ya bega lake la kushoto. Okurut alisema sentensi akanyamaza, Lado akaigeuza. Wazee wakajibu, Lado akamletea jibu.

"Ukizoea hivyo, ulimi unajifunga breki yenyewe," alisema.

"Na huyo Lado yuko wapi sasa?"

Okurut aliangalia ndani ya kikombe. "Alibaki," alisema.

Jumapili iliyofuata Mildred alikuwa jikoni nyuma ya nyumba akikoroga mchuzi wa karanga. Ndani, mumewe alikuwa akizungumza na binti yao, Ariokot, wa darasa la pili. "Mwalimu wenu anaitwa nani?" aliuliza Okurut. Kisha, katika kile kimya chake, Mildred alisikia sauti ya mwanamume mwingine, ya chini, yenye adabu, ikisema maneno asiyoyaelewa. Mwishoni ilipanda, kama inavyopanda sauti ya mtu anayeuliza swali.

Alidhani ni redio. Aliingia na mwiko mkononi. Redio ilikuwa imezimwa na simu zote mbili zilikuwa dukani zikichajiwa. Chumba kilinuka nyasi za paa zilizoungua kisha zikanyeshewa mvua, na nyumba yao ilikuwa ya mabati.

Tangu hapo hakuweza kujizuia kuisikiliza. Okurut akitania, sauti ilitania nyuma yake na kucheka kwa kuchelewa kidogo. Akiomba chumvi, iliomba chumvi. Haikukosea wala haikuongeza chochote. Mildred alijiambia kwamba sauti yenye heshima namna ile haiwezi kuwa na ubaya, na alikaribia kuizoea, mpaka siku moja alipokuwa akifua alipatwa na wazo lililomfanya aache nguo zikielea kwenye beseni: mkalimani hasemi na ukuta. Kama yuko anayetafsiri, basi yuko anayetafsiriwa.

Alimfuata mumewe shambani. "Unaisikia?" alinong'ona.

"Tangu nishuke Entebbe," alijibu Okurut, naye kwa kunong'ona, na nyuma ya bega lake kitu kikanong'ona pia.

"Anaongea na nani?"

"Sijui. Naogopa kujua."

"Basi nyamaza! Funga huo mdomo kabisa!"

Okurut alijaribu, maskini. Alikula kwa ishara, alisalimia kwa kichwa, majirani wakasema amerudi na maringo ya dola. Wengine walisema mabaya zaidi, kwamba hakuna anayerudi kutoka kwenye vita na geti jipya la bluu bila kufuga jini, na jini anayelishwa dola siku moja huomba nyama. Mildred aliyasikia hayo kisimani na akarudi nyumbani analia kwa hasira.

Lakini kunyamaza hakukusaidia, kwa sababu upande wa pili ulikuwa bado haujajibu.

Walijibu jioni moja wakati wa chakula. Ariokot aliweka tonge chini, akashusha macho kama mtu anayesubiri zamu yake, akasema kwa sauti tambarare, "Wanasema wamechoka kukaa pale langoni. Wanauliza kama huko kwako kuna nafasi."

Mildred aliruka amzibe mumewe mdomo, lakini miaka mitatu ya kazi ilimtangulia. "Waambie ombi lao nimelipokea," alisema Okurut.

Sauti iliyachukua maneno hayo na kuyapeleka. Na kutoka mbali sana, upande wa kaskazini, ng'ambo ya bwawa la kijiji na ng'ambo ya kila kitu kilichokuwa nyuma ya bwawa, ukaja mguno mmoja wa watu wengi, ule mguno wa wazee wanapokubaliana na jambo mkutanoni.

Nieleze hapa jambo moja, maana asiyewahi kukaa na watu wa ofisi za amani hawezi kulijua. Hawa watu hawasemi ndiyo, kwa sababu hawana cha kutoa. Hapana pia hawaisemi, maana wanaogopa nyuso za wanaoomba. Wao husema ombi limepokelewa. Kwao maneno hayo ni kitambaa cha kufunikia maiti. Anayeomba, yeye, huenda nyumbani akafunga mizigo.

Kuanzia siku ile Ariokot aliacha kula. Si kwamba alikataa, alikosa nafasi. Kila sahani ilipowekwa mbele yake mdomo wake ulianza kazi: wanauliza kama maji yako karibu, wanauliza kama majirani ni watu wazuri, wanauliza watoto watasoma wapi. Chakula kilipoa, akaomba radhi, akaenda kulala. Okurut alipoliona hilo alisukuma sahani yake kando. Lado alikuwa hivyo hivyo. Wazee walichinja mbuzi, wageni wakala huku wakizungumza, na kwa kuwa walizungumza, Lado alitafsiri na hakula. Mwisho aliifunga nyama iliyopoa kwenye mfuko wa plastiki awapelekee watoto wake.

Hospitali ya Tororo hawakuona malaria wala minyoo, wakatoa vitamini. Mildred alimchukua mtoto akavuka naye mpaka kwa mama yake Busia, akiamini kwamba jini wa Uganda hana kitambulisho cha Kenya. Mpakani walikagua mizigo. Midomo hakuna aliyeikagua. Sokoni, katikati ya mitumba, wateja wakibishana bei na Mildred, Ariokot alisimama kando yake na kuwatafsiri wote, sentensi kwa sentensi, kwa lugha ambayo haijawahi kusikika Busia, mpaka wateja wakaweka nguo chini na kuondoka. Akina mama wa kanisa walikuja kukemea. Mtoto alikaa nyuma ya bega la kiongozi wao akamtafsiria maombi kwa adabu yote, hadi mama wa watu akapotewa na maneno katikati ya Baba Yetu.

Walirudi Mukuju, na mbavu za Ariokot zikaanza kuhesabika. Mildred, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, alikaa kwenye kizingiti akamwambia Mungu waziwazi kwamba achukue geti, achukue kibanda chake cha mitumba cha Busia, achukue hata mume, lakini amwachie mtoto.

Ndipo dada yake Okurut alipomleta Damalie, mganga kutoka Iyolwa. Alikuwa mjane mnene, mkulima wa muhogo, aliyeshuka kwenye boda akilaani barabara na magoti yake. Hakuwa na manyoya wala shanga za waganga. Aliomba kiti, akamweka Ariokot mapajani, akamsikiliza kwa muda. Kisha akamgeukia Okurut.

"Hii si jini ya kununua," alisema. "Hii ni mtu. Alikufa akingoja jibu. Mtu akingoja sana huko, anaoza, anakuwa jini. Alikuomba nini?"

Okurut alieleza, sentensi moja, kimya, sentensi moja, kimya, na sauti ikamfuata bila kuchoka, ikitafsiri hata kifo chake yenyewe. Waasi walikuwa wanaukaribia mji. Lado alimuuliza kama siku kikosi kitakapoondoka majina yake na ya familia yake yatakuwa kwenye orodha ya ndege, kwa sababu kama hayamo, barabara ya mpakani bado ilikuwa wazi na angewatembeza wanawe usiku. Okurut alijua kwamba ndege ni ya wageni tu. Wenyeji hawakuwa na kiti.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ombi lake nimelipokea."

"Mungu wangu," alisema Mildred.

"Akangoja. Majirani wakaona yeye anangoja, nao wakangoja. Sisi tukaruka. Wao walikuwa langoni mwa kambi, na mizigo kichwani." Okurut alilia kama mtoto. "Walikufa pale pale langoni. Wote."

"Ungemwambia hapana, angetembea?"

"Angetembea."

Damalie hakumpa pole. "Basi leo utasema. Mimi siwezi kukusemea. Wewe ndiyo umepokea, wewe ndiyo utakataa."

Ilikuwa alasiri, milima ya Osukuru inaonekana vizuri, kuku wanaparura uani. Damalie alimwaga majivu kwenye kizingiti, akafungua mlango wote, akamshika mtoto kwa nguvu. Okurut alisimama akitazama nje. Alikohoa.

"Ndugu zangu," alianza, "tunathamini sana uvumilivu wenu. Kwa sasa hali ya nyumba..."

Damalie alimchapa na kandambili mgongoni. "Wachana na hiyo ya ofisi! Sema hapana!"

"Hapana," alisema Okurut. "Hapana, Lado. Hakuna nafasi."

Sauti ilinyamaza kwanza, ikawa kama imesahau kazi yake. Kisha ikaanza, chini kama siku zote, yenye adabu kama siku zote, ila safari hii haikukoma pale ilipopaswa kukoma, iliendelea, ikapita urefu wa maneno aliyoyasema Okurut, ikapita mara mbili, mara kumi, ikisimama hapa na kugeuka pale, ikirudia jambo kwa subira kama mtu anayehakikisha wa nyuma nao wamesikia, na harufu ya nyasi zilizoungua ikajaa chumba mpaka kuku uani wakatawanyika, na Ariokot mikononi mwa Damalie akasikiliza huku akitikisa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo, kama mwanafunzi anayeelewa somo, hadi mwishowe maneno yakaisha na upepo wa kawaida ukaingia mlangoni na kupeperusha majivu.

Hakukuwa na kitu nyuma ya bega la Okurut. Wote walilijua hilo bila kuambizana.

"Mama," alisema Ariokot, "nasikia njaa."

Alikula sahani mbili. Alikula kwa mikono yote miwili, mchuzi wa karanga ukimtiririka hadi kiwikoni, na hakusema neno. Damalie alinawa, akachukua kuku wake wa malipo, akapanda boda akilaani magoti. Okurut alikaa chini kando ya mkewe na kusema, "Kesho nitapalilia muhogo na nitaezeka upya kibanda cha kuku na nitakuja Busia nikusaidie kubeba mabelo ya mitumba." Alisema yote hayo kwa pumzi moja. Mildred alicheka huku machozi yakimtoka, akamfuta binti yake mdomo kwa upindo wa kanga.

"Yule mtu umemsikia mwisho?" alimuuliza, kwa ajili ya kuongea tu.

"Nimemsikia."

"Baba alisema hapana, basi. Mbona yeye alisema mengi hivyo?"

"Hapana hakuisema," alijibu Ariokot akitafuna. "Alikuwa anawaambia njia. Wafike Soroti, wapite Mbale, wasiingie Tororo. Wakifika Mukuju waangalie geti ya bluu."

Okurut alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. "Na yeye mwenyewe?" aliuliza. "Ariokot, yeye mwenyewe ameenda wapi?"

"Ameenda kuwachukua," alisema mtoto, akasogeza sahani aongezwe. "Ni wengi, baba. Amesema wenye watoto wadogo watangulie."