Nozeli ya Ukungu

Kila Jumamosi asubuhi, Kiherehere aliosha bomba la kunyunyizia dawa. Mama yake ndiye aliyempa jina hilo, maana binti huyo hakushika kitu bila kukifungua. Jumamosi moja alifungua nozeli bapa, kile kidude cha kwenye ncha ya bomba, akafunga ile ya ukungu waliyotumia kupulizia wadudu wa nyanya. Akapuliza maji juani, upinde wa mvua ukatokea palepale uani. Alipigwa na butwaa hata akasahau kurudisha nozeli bapa.

Jumatatu mama alinyunyizia dawa ya magugu kwenye mahindi bila kukagua. Siku zikapita, magugu yakapata vidoa vya manjano tu, kisha yakastawi kama yaliyotiwa mbolea. Mahindi, chakula chao cha mwaka mzima, yakasongwa nayo, yakaanza kudhoofika. Mama akawaka. Alisema muuza pembejeo amemuuzia dawa feki, na leo atamtambua.

Kiherehere, aliyekumbuka sasa kwamba hakurudisha nozeli bapa, alimfuata hadi dukani. Mama akamwita muuzaji tapeli mbele ya wateja. Binti akashindwa kuvumilia.

“Mama, dawa haina kosa. Nozeli niliibadilisha mimi, nikichezea maji.”

Muuzaji hakugomba. Aliwatoa nje penye sakafu kavu, akajaza maji bomba lake. Kwa nozeli ya ukungu, upepo kidogo tu uliyabeba matone, sakafu ikapata vidoa huku na kule. Kisha akafunga nozeli bapa. Maji yakashuka kama shuka linalotandikwa, yakalowesha sakafu sawasawa, bila kuruka hata kidogo.

Kiherehere aliinama kuchungulia ule mwanya mwembamba wa nozeli. Hakuamini kwamba kitu kinachoenea kiganjani ndicho kinachoamua shamba lipone au life. Hata mama alishika shavu kwa mshangao. Kisha, mbele ya wateja walewale, akamwomba muuzaji radhi.

Walingoja siku isiyo na upepo. Mama alikagua nozeli mwenyewe, akanyunyizia upya. Magugu yakanyauka mstari kwa mstari, na mahindi yakarudisha rangi yake.

Wakiwa wamesimama pembezoni mwa shamba, mama alimshika binti bega.

“Magugu tungeyang’oa hata kwa mikono, mwanangu. Jina la mtu nikishalichafua, nitalisafisha kwa kitu gani? Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajabebeshwa mzigo wako.”