Upande wa Pili wa Ukuta

Haya yalimpata rafiki yangu Liliane pale Nkwenda, na tangu aniambie mimi silali, namkumbatia tu mwanangu. Chumba chake na cha jirani vinatenganishwa na ukuta usiofika kwenye mabati, hata kikohozi kinapita juu. Mtoto wake alikuwa na homa, na kila akipata usingizi, upande wa pili mtu anaanza kutwanga, du, du, du, mtoto anashtuka.

Akamwendea mwenye nyumba. "Shikamoo Mama Nusra. Mwambie jirani apunguze kutwanga, mtoto anaumwa."

"Marahaba. Jirani gani, mwanangu? Mle nimefungia kahawa, ufunguo ninao mimi. Labda panya wamenunua kinu!"

Basi Liliane akajaza majani makavu ya migomba kwenye gunia, akapanda mezani azibe ule uwazi. Ilikuwa mchana, lakini wingu la mvua limetanda, chumba giza. Kutwanga kukakoma. Akasukuma gunia, likagoma. Akapapasa kwa mkono: uwazi ulishazibwa kutoka upande wa pili, kwa majani mabichi ya mgomba, utomvu ukamnata vidoleni. Mtoto akaanza kulia kitandani, na kadiri alivyozidi kulia, ndivyo majani yale yalivyozidi kushindiliwa kutoka upande ule.