Mama Yuko Kazini

Kila asubuhi Bayan alimvika mdogo wake viatu mara mbili. Mara ya kwanza Ziad alivivua, akavitupa uvunguni, akacheka. Mara ya pili alipewa kipande cha hamri, andazi la iliki, akatulia. Ziad alikuwa na miaka mitatu tu, lakini bei yake ilijulikana nyumba nzima.

Kisha walishika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hadi kituo cha malezi, na kutoka hapo Bayan akaenda shuleni, gredi ya sita. Kituo hicho kiligharamiwa na serikali. Watoto walitunzwa na kulishwa bure wazazi wao wakiwa kazini. Baba yao alikuwa dereva wa lori, leo yuko bandarini Kilindini, kesho yuko mpakani Malaba. Mama yao, Shifa, alikuwa karani katika ofisi moja huko Mbaraki.

Ila siku hizo Mama alikuwa nyumbani. Alikuwa amejifungua Badria kabla ya wakati, na likizo ya uzazi ikaisha mtoto akiwa bado dhaifu. Akaomba likizo zaidi, isiyo na mshahara. Akakubaliwa.

"Na Ziad bado anakwenda kituoni?" Wendy, mwenzake wa darasani, alimwuliza Bayan wakati wa mapumziko.

"Ndiyo. Kwani vipi?"

"Kile ni kituo cha watoto ambao wazazi wao wanafanya kazi. Mama yako hapati hata mshahara! Wakijua, Ziad nje, anaingia mwingine."

Wendy alisema kwa uhakika wa mtu ambaye hajamwuliza yeyote. Bayan naye hakuuliza. Aliona jambo moja tu: nafasi ikipotea, Mama hatakuwa na pa kumwacha Ziad siku ya kurudi, na kazi ya Mbaraki itamponyoka.

Jioni ile alianza kumfundisha mdogo wake. "Bi Swabaha akikuuliza Mama yuko wapi, utasemaje?"

"Amelala na Badria."

"La! Sema, Mama yuko kazini."

"Mama yuko kazini," alisema Ziad, akanyoosha mkono. Akalipwa hamri.

Kesho yake Bi Swabaha, msimamizi wa kituo, aliwapokea mlangoni. "Mama hajambo? Amesharudi kazini?"

"Amerudi," alijibu Bayan, macho chini.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, Ziad alichemka homa. Bi Swabaha alipiga simu ya Mama. Haikujibiwa, kwa kuwa Mama alikuwa ameizima sauti ili Badria apate usingizi. Ya Baba haikupatikana.

"Mama yuko wapi, babangu?" alimwuliza Ziad.

"Mama yuko kazini," alinong'ona Ziad.

Basi Bi Swabaha akapiga simu ofisini Mbaraki. Akaambiwa Shifa hayupo, na aliyepokea simu hakujua zaidi.

Bayan alipokuja kumchukua, alimkuta Ziad amelala mkekani, midomo imekauka.

"Nimepiga simu mpaka kidole kimechoka," alisema Bi Swabaha. "Nilikuwa natafuta leso ya kumfungia mgongoni nimpeleke hospitali mwenyewe. Mamako yuko wapi?"

Bayan alimtazama mdogo wake. Akisema kweli, nafasi imekwenda. Akinyamaza, je?

"Yuko nyumbani," alisema. "Hajarudi kazini. Nilisema uongo." Akatoka mbio.

Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti wa karibu tu. Mama alifika na Badria kifuani, buibui kalivaa upande. Ziad alifumbua jicho moja, akamwona, akakumbuka somo lake.

"Mama yuko kazini," alimwambia.

Hospitalini ilionekana ni sikio lililovimba. Akapewa dawa. Jumatatu homa imekwisha, Mama na Bayan wakampeleka kituoni.

"Salamu aleikum, Bi Swabaha. Nimekuja kuomba radhi. Na kama nafasi imekwenda, basi."

"Aleikum salamu. Imekwenda wapi?" aliuliza Bi Swabaha. "Kazi yako bado ni yako?"

"Bado. Mwezi ujao narudi."

"Basi. Mzazi aliye likizoni na kazi yake inamngoja, kwetu sisi ni mfanyakazi, alipwe asilipwe. Nitampigia bosi wako anithibitishie tu. Tunachotaka ni kuambiwa, tujue mtoto akiugua tukutafute wapi."

Bayan aliinamisha kichwa. "Kumbe ningeuliza tu."

"Ungeuliza, mwanangu, Alhamisi ningetuma mtu hapo nyuma ya msikiti, na mamako angefika kabla uji haujapoa. Nafasi haikuwa hatarini hata kidogo. Ulichofanya ni kumficha Ziad mama yake. Siku nyingine ukiogopa jambo, mwulize anayelijua. Kisha sema lilivyo."

Akamgeukia Ziad. "Haya bwana mkubwa. Mama yuko wapi?"

Ziad alimtazama dada yake kwanza. Bayan akamwitikia kwa kichwa: sema.

"Huyu hapa," alisema Ziad, akanyoosha mkono.

Siku hiyo alipewa hamri zima.