Kifuko Kilichopasuka

Siku waliyokutana, ukumbi wa kliniki ya meno ulikuwa umefurika, wengine wameegemea ukuta, kila mmoja kashika shavu lake kama anayesikiliza redio. Mpiga eksirei alitoka na magwanda yake ya kijani, barakoa imeshuka kidevuni, akaita anayefuata. Akainuka kijana mmoja mrefu, shati la rangi ya machungwa, shavu limevimba upande mmoja.

"Dada, niking'ate hiki au nisiking'ate?" aliuliza alipoletewa kidude cha kupigia picha mdomoni.

"King'ate polepole. Ukining'ata mimi, jino linang'olewa bila ganzi."

"Basi nimenyamaza, mrembo."

"Umenyamaza wapi, na mdomo unakwenda kama cherehani?"

Kijana akacheka mpaka akashika shavu kwa maumivu. "Umejuaje? Mimi ni fundi wa mapazia!"

Jino likang'olewa, uvimbe ukapungua, simu hazikupungua. Asubuhi fundi alipiga kumuuliza kama ameamka, mchana kama amekula.

"Mpiga Picha wangu, leo umeona mifupa ya wangapi?"

"Wengi. Hakuna hata mmoja aliyenichekesha."

Fundi akamshonea pazia la bluu, akalitundika mwenyewe dirishani, na majirani wakaanza kumwita shemeji. Nyumbani kwao alimsifu mno, mpaka mama yake, mjane wa maneno machache, akaja kliniki kupigwa picha ya jino na mkwe mtarajiwa.

Ilikuwa alasiri ya msongamano. Kile kidude huvalishwa kifuko cha plastiki. Akitoka mgonjwa, kifuko hutupwa, kidude hufutwa kwa dawa ya kuua vijidudu, ndipo huvalishwa kipya. Mpiga eksirei alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Lakini mlangoni watu walikuwa wanalalamika, na mama ameshakaa kitini anamtabasamia. Akavua kifuko, akavalisha kingine, akaruka lile la katikati, la kufuta.

Alipomaliza ndipo akaona: kifuko cha mama kimepasuka pembeni. Akainama kwenye pipa, akakitazama cha mgonjwa aliyetangulia. Nacho kimepasuka. Na mgonjwa yule alikuwa amesema mwenyewe, bila kuficha, kwamba ana homa ya ini ya kuambukiza.

Akazima mashine, akaenda kumweleza daktari mkuu vile vile ilivyotokea. Daktari hakufoka.

"Mrudishe kabla hajatoka getini," alisema. "Na umwambie wewe."

Mama alisikiliza, kapakata mkoba wake. Akachomwa sindano ya kinga, akatolewa damu, akaambiwa atapimwa tena baada ya miezi kadhaa ndipo ijulikane.

"Mwanangu asijue," alisema. "Baba yake alikufa kwa ini. Atachanganyikiwa."

"Mama, lakini mimi na yeye..."

"Siri ni ya nani? Yangu au yako?"

"Ni yako, mama."

Kuanzia hapo kitu fulani ndani ya mpiga eksirei kilikufa ganzi. Hakulia. Alikwenda kazini, akafuta, akavalisha, akakiinua kila kifuko kwenye mwanga kukikagua, akafuta tena. Chakula alikila kama mtu anayetafuna karatasi.

"Laazizi, mbona umepoa kama chai ya jana?" fundi aliuliza kwenye simu.

"Nimechoka."

"Jana pia ulichoka. Kuna mtu?"

"Hakuna."

"Basi cheka kidogo nisikie."

Akajaribu. Kilichotoka hakikuwa kicheko.

"Wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," fundi alisema taratibu. "Kumbe hata yakiisha hayafichiki." Akakata simu, wala hakupiga tena.

Yeye akaiweka simu mezani, akaenda kufua magwanda.

Miezi ikapita. Siku ya majibu ya mwisho mama alitoka maabara, akamfuata hadi chumba cha eksirei.

"Damu yangu ni safi, mwanangu."

Mpiga eksirei alitarajia moyo wake uruke. Haukuruka. "Namshukuru Mungu, mama," alisema, kwa sauti ile ile anayowaambia wagonjwa wafumbe mdomo.

Mama akamtazama kitambo. "Sasa nitamwambia mwenyewe. Na wewe nenda ukale. Umebaki mifupa."

Kesho yake fundi alimkuta kwenye ngazi za nyuma ya kliniki, mapumziko ya mchana. Hakunyoa ndevu, na vipande vya uzi vilikuwa vimeganda kwenye mikono ya shati lake.

"Ungeniambia."

"Siri haikuwa yangu kuitoa."

"Hata kwangu?"

"Kwako hasa. Ndivyo alivyoomba."

"Mimi nikakuhesabu umepata mwingine."

"Nilijua."

"Ukaniacha niamini hivyo?"

"Ningefanyaje? Na kosa ni langu. Nilikimbiza kazi, mama yako akakaa miezi anasubiri kifo."

Fundi akakaa ngazi ya chini yake. Alinyamaza, jambo ambalo hakuwahi kuliweza. Kisha akasema, bila kugeuka, "Nataka kukuoa."

Mpiga eksirei akasikia maneno, akaelewa maana yake, akangoja yamfikie. Hayakufika. "Nitakuwa mkweli," alisema. "Sisikii kitu. Si kwako, si kwa yeyote. Nimekuwa hivi tangu siku ile."

"Sikukuuliza unasikia nini. Nimekuuliza kama utakuja kwetu."

"Hukuuliza. Umesema unataka."

"Basi nauliza."

"Nitakuja. Lakini usinihimize kufurahi."

"Sikuhimizi."

Fundi akanyoosha mkono nyuma, akaushika wake. Mpiga eksirei akautazama kama kitu kilichosahauliwa na mtu. Kisha, polepole, akagundua kwamba kile kiganja kilikuwa kimeloa jasho na kilikuwa kinatetemeka. Fundi alikuwa anaogopa.

Naye akavikunja vidole vyake, akakibana kile kiganja.