Kreni Iende Hospitali Kwanza

Jumamosi, saa mbili asubuhi, mafundi arobaini walikuwa wamekaa juu ya nondo kwenye eneo la hospitali inayojengwa, mikono mapajani. Kreni pekee ya kampuni ya ujenzi haikuwapo. Ilikuwa bado imesimama hotelini, ng'ambo ya mji.

Saa tatu mkurugenzi alimwita mpanga ratiba mwizi mbele ya ofisi nzima, kwamba amehongwa na hoteli. Barua ya kumfukuza ingetoka saa sita.

"Hii si ratiba yangu," mpanga ratiba alimwambia mpelelezi wa kampuni, mama mmoja mfupi asiyecheka ovyo. "Nilianza na hospitali, dada. Wao wanalipa mara tu nguzo zikisimama. Hoteli inalipa mwisho kabisa, kwa hiyo isubiri. Nikaenda likizo. Nimerudi leo, nimekuta imegeuzwa."

Ratiba ya ukutani ilisema hoteli hadi Ijumaa jioni, hospitali Jumamosi asubuhi.

Wenye ufunguo wa chumba cha ratiba walikuwa watatu. Mpelelezi aliwauliza mmoja mmoja swali lile lile: kreni ikimaliza hotelini Ijumaa, hospitalini itaanza lini?

"Jumatatu, tukikimbizana," alisema mpanga ratiba.

Mwendesha kreni, ambaye wengi walimshuku kwa kuwa anaishi jirani na hoteli, alicheka. "Kuifungua vipande vipande siku moja, kuisimamisha siku nyingine. Kwani ni baiskeli, mama?"

Naibu mkurugenzi alirekebisha tai. Ni mhandisi wa kukaa kwenye kiyoyozi huyu. Viatu vyake havijawahi kukutana na saruji mbichi. "Jumamosi," alisema. "Uvivu tu ndio unaochelewesha watu."

Saa tano na nusu, mpelelezi aliwakusanya kwa mkurugenzi.

"Aliyeandika ratiba hii hajui kwamba kreni hufunguliwa. Kati yenu, asiyejua hilo ni mmoja tu. Na mwenye hoteli ni nani wako, naibu?"

"Shemeji yangu. Kwani kosa?"

"Kosa ni kuiruka hospitali ili shemeji afungue mapema, halafu kumwachia mwenzako aibu."

Naibu alirekebisha tai tena. Mkurugenzi alimfukuza hapo hapo, kisha akamgeukia mpanga ratiba.

"Rudi kazini, ndugu yangu. Yaishe."

"Hayaishi humu ndani, mzee. Uliniita mwizi mbele ya watu."

Mkurugenzi alimtazama mpelelezi, akitafuta huruma. Hakuipata. Akainuka, akafungua mlango, akawaita wafanyakazi wote.