Oda za Ua Moja

Jorien Warmerdam alikuwa ameibiwa, ila hakujua, na polisi walikuja kumshika yeye.

Ilikuwa Jumanne katikati ya Aprili. Inspekta Aleid Terpstra aligonga mlango wa nyuma wa nyumba ya Warmerdam, pale kijijini Noordwijkerhout, Uholanzi. Mlango wa mbele huku kwetu ni wa maharusi na majeneza. Mkononi alikuwa na hati ya upekuzi, na kwapani faili lenye malalamiko arobaini na matatu.

Yote yalisema jambo moja. Watu kutoka Groningen hadi Maastricht walikuwa wamenunua viazi vya dalia, maua yanayopandwa kwa kiazi, katika duka la mtandaoni la familia hii. Walilipa. Hawakupata barua pepe ya uthibitisho, wala hawakupata kiazi. Waliopiga simu walijibiwa na sauti ya mwanamke kwamba mzigo uko njiani, wavute subira. Waliivuta mpaka ikakatika, wakaenda polisi. Mwendesha mashtaka alikuwa tayari na shtaka la ulaghai. Ijumaa duka lingefungwa na Jorien angepelekwa mahakamani.

Jorien alikuwa na miaka thelathini na sita, mwenyeji wa Rotterdam, mke wa Krijn. Alipoolewa alikuta shamba la mkwewe limebaki jina. Akafungua duka la mtandaoni, na katika miaka minne dalia za Warmerdam zikawa zinapandwa mpaka Norwe. Kijiji hakikumsamehe. Wakulima wenzao walipita na baiskeli wakijifanya wanatazama mfereji, kumbe macho yote yako kwenye maboksi yake. Watu wana gere, jamani.

"Oda zinakufikiaje?" Inspekta aliuliza.

"Kwa barua pepe. Kila mtu akinunua, duka linanitumia taarifa. Naichapa, karatasi inakwenda ghalani, wifi yangu Nelleke anafunga mzigo."

"Simu ya duka nani anapokea?"

"Iko ghalani. Aliye karibu anapokea."

"Na wewe hukusikia lalamiko hata moja?"

"Hata moja."

Inspekta hakumwamini. Alimwita Jelmer, mtaalamu wa kompyuta wa polisi, akae mbele ya mashine ya duka kwenye chumba kidogo cha ofisi, kando ya msala. Yeye akabaki jikoni na Jorien na kahawa, na biskuti moja moja, kisha mkebe ukafunikwa.

Baada ya nusu saa Jelmer alimwita.

"Afande, hebu hesabu. Malalamiko arobaini na matatu. Wamenunua maua mangapi tofauti?"

Inspekta alifungua faili. Alipekua karatasi zote, na akajishangaa kwamba hakuliona mapema. Lilikuwa ua moja tu. Dalia mpya, nyekundu inayokaribia weusi, iliyosajiliwa mwaka jana kwa jina 'Jorien'.

Jelmer alimwonyesha alichokikuta. Ndani ya kikasha cha barua pepe cha duka mtu alikuwa ameweka kanuni ya kuchuja. Barua yoyote yenye neno Jorien ilipelekwa kwenye anwani nyingine isiyo na jina la mtu, kisha ikafutwa. Nyingine zote zilipita salama. Ndiyo maana kwa wiki tano hakuna aliyeshtuka. Oda za maua mengine ziliingia, mizigo ikatoka. Uthibitisho wa wateja nao ulizimwa kwa wote, lakini anayepata mzigo wake siku ya tatu halalamikii barua. Na oda za ua lile, mia mbili na kumi na mbili, zote zilikuwa zimewekwa alama kwamba zimetumwa, hivyo Jorien hakuwa na sababu ya kuzitazama.

"Na waliomwandikia kulalamika?"

"Walianza na 'Mpendwa Jorien'," Jelmer alisema. "Zikamezwa humo humo."

Jorien, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishika fremu. Alisema kwamba tangu Machi rafiki zake wa Rotterdam walikuwa wameacha kumwandikia. Alidhani wamemchoka, na alikuwa amelia kwa ajili hiyo, peke yake, bila kumwambia hata Krijn.

Inspekta alilijua jambo hilo kwa upande wa pili. Mwaka jana kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi alipandishwa cheo akapelekwa The Hague, na tangu siku hiyo barua zake zote Inspekta alikuwa akizifuta bila kuzifungua. Mtu aliyeweka kanuni hii hakutafuta faida. Alichoshindwa kuvumilia ni kuliona jina.

"Imewekwa lini?" aliuliza.

"Jumapili, tarehe tisa Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri. Kwenye mashine hii hii, na kwa nywila sahihi."

Jorien aliapa kwamba nywila hiyo hajawahi kumwambia mtu. Hata mumewe haijui. Inspekta akaomba kujisaidia, kwa sababu kahawa ilikuwa nyingi na kwa sababu alitaka kufikiri.

Msalani, usawa wa macho ya aliyeketi, ilining'inia kalenda ya siku za kuzaliwa, kama ilivyo katika kila nyumba ya heshima. Mtu akikaa pale hana la kufanya ila kusoma. Tarehe tisa Machi: Baba Siem, 1947. Inspekta akafunua mbele. Mwisho wa Juni, chini kabisa, baada ya tarehe thelathini, kulikuwa na jina lililobanwa mahali pasipo na tarehe: Shangazi Truitje 1949.

Alirudi akikausha mikono.

"Shangazi Truitje ni nani?"

Jorien aliiva uso mpaka masikioni. "Si mtu," alisema. "Ni nywila. Mimi huzisahau, nikaona pale hakuna atakayeshuku."

"Hakuna aliyewahi kukuuliza habari zake?"

"Hakuna." Kisha akasita. "Nelleke. Yeye ndiye huandika kadi za kuzaliwa za ukoo mzima. Aliniomba anwani ya Shangazi Truitje, ampelekee kadi. Nilicheka tu, nikamwambia asijisumbue."

Kikulacho ki nguoni mwako. Lakini kadi si ushahidi, na Inspekta alijua wakili yeyote angeichana. Tarehe tisa Machi nyumba ilikuwa na wageni, na kila mmoja aliyeingia msalani angeweza kusoma. Alikwenda sebuleni kwa mzee.

Siem Warmerdam alikuwa dirishani, blanketi miguuni, sikio moja limekufa, kumbukumbu nzima. Ile dalia aliizalisha mwenyewe kwa miaka tisa. Inspekta aliuliza habari za siku yake ya kuzaliwa, na mzee akaisimulia kana kwamba ni jana. Viti vilipangwa duara, watu kumi na wanne, kila anayeingia akazunguka kuwapa wote mkono na pongezi. Kahawa ya kwanza na keki ya kwanza. Kisha kahawa ya pili.

"Kuna aliyetoka kwenye duara?"

"Katika duara hutoki hivi hivi, binti. Unapita mbele ya magoti ya watu, kila mtu anakuona."

"Nani alipita?"

Mzee alikunja uso. Siku ile keki ya pili ilichelewa, alisema, na katika nyumba yake kipande cha pili hakigawiwi mpaka wote wawe wameketi. Alisubiri robo saa nzima, kwenye siku yake mwenyewe, sahani mapajani. Lilimuudhi mpaka leo.

"Mlikuwa mnamsubiri nani?"

"Nelleke. Alisema tumbo linamsumbua."

"Saa ngapi?"

"Saa tisa na kitu. Keki ya pili kwangu ni saa tisa na robo, tangu marehemu mke wangu yuko hai."

Inspekta alimshukuru. Alipomuuliza kwa nini lile ua alilipa jina la mkaza mwana wake, mzee alijibu kwamba Jorien aliokoa shamba, na kuokoa shamba si jambo dogo.

Nelleke alikuwa ghalani, akifunga mizigo ya siku. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hakuolewa, viganja vipana, udongo kwenye mistari yake yote. Alimtazama Inspekta mara moja, akaendelea kufunga kamba.

"Tarehe tisa Machi ulikaa msalani robo saa," Inspekta alisema.

"Watu huumwa matumbo."

"Shangazi Truitje naye anaumwa?"

Kamba ilisimama.

"Kuna chumba cha baridi nyuma ya hapa," Inspekta aliendelea. "Nina hati. Nifungue mimi au unifungulie?"

Nelleke alimfungulia. Inspekta alitarajia kukuta viazi vilivyooza, au asikute kitu. Alikuta rafu nne, na kwenye rafu vifurushi, vimepangwa kwa miji, Groningen juu, Maastricht chini. Kila kimoja kilikuwa na anwani kwa mwandiko safi. Alifungua kimoja. Kiazi kilikuwa kimelazwa ndani ya vumbi la mbao, kizima, jicho lake limeanza kuchipua. Alihesabu mistari akazidisha. Mia mbili na kumi na mbili.

Kisha akasoma lebo iliyobandikwa kwenye kifurushi. Rangi ilikuwa ile, kimo kile, wakati wa kuchanua ule ule. Jina la ua: 'Nelleke'.

"Zote?" aliuliza.

"Zote."

Jorien na mzee walikuwa wamefika, mzee akimwegemea mkwewe. Nelleke alipowaona aliongea, na alimwongelesha Inspekta tu, kana kwamba wale wengine hawapo.

"Miaka tisa. Kila Novemba kiazi chake nilikichimba mimi, kwa mikono, kwa sababu Baba hakuamini uma wa shambani. Kila baridi nililala dirisha likiwa wazi, nisikie kama mashine ya kupasha joto ghalani imezimika. Mwaka wa nne kuvu liliingia, kikabaki kiazi kimoja, nikakiweka jikoni kwangu kama mgonjwa. Huyu alikuwa bado Rotterdam, hajui dalia na kabichi. Akaja na kompyuta yake. Watu wakapiga makofi. Siku ya kutangaza jina nilivaa gauni. Nilienda mpaka Leiden kununua gauni, Inspekta. Baba akasema Jorien."

"Ukaamua kumpeleka jela?"

"Sikufikiria jela. Nilitaka tu jina lake lisiingie ghalani kwangu. Karatasi zote zile, Jorien, Jorien, Jorien, na mimi ndiye nizifunge." Alinyoosha kona ya lebo moja. "Walipoanza kupiga simu niliogopa. Polisi walipotajwa niliogopa zaidi, na bado nilinyamaza. Nitasema ukweli. Kuna siku nilifurahi."

"Kwa nini hukuzituma oda?"

"Nilizipakia kwenye gari mara moja. Nikafika mlangoni pa posta. Nikawaza kuna mama Groningen atakipanda, Agosti kitachanua, ataliita kwa jina langu na hanijui. Nikaona haya. Nikarudi nazo. Kuzibandua lebo nako kukanishinda, na kuviacha viazi vife sikuweza. Kila siku nilivinyunyizia maji kidogo."

Mwenye kovu usidhani kapoa. Inspekta aliandika maneno yale kama yalivyosemwa, akamsomea, Nelleke akatia sahihi. Alimweleza haki zake. Hakumtia pingu. Akampigia simu mwendesha mashtaka kwamba shtaka la Jorien liondolewe, duka lisifungwe, na wateja waandikiwe leo. Jelmer alikuwa ameshaifuta kanuni na kuzirejesha barua zilizofutwa. Kutoka ofisini mashine ilisikika ikilia, ikilia, barua za wiki tano zikirudi kwa mwenyewe.

Jorien aliuliza swali moja tu. Alitaka kujua kama lebo ni ushahidi.

"Moja inanitosha," Inspekta alisema. "Nyingine fanyeni mnavyotaka, ila mizigo iondoke kabla ya Watakatifu wa Barafu, zile siku za baridi ya mwisho; Mei ikifika katikati watu wanapanda."

Mzee Siem alimsogelea binti yake. Aliongea kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

"Nelleke. Wewe ni mkono wangu wa kulia. Nani analipa ua jina la mkono wake mwenyewe?"

Nelleke alivua glavu, akaziweka juu ya meza ya kufungia, moja juu ya nyingine.

"Hata mkono ukimaliza kazi huoshwa, Baba," alisema, akatangulia kwenda garini.

Nyuma ya mzee, Jorien alikuwa ameshavuta kiti mbele ya rafu, kifurushi cha kwanza mapajani, anaibandua lebo ya 'Nelleke' kwa ukucha.