Alama ya Chemchemi

Kila siku, kabla jua halijachomoza juu ya milima ya Burundi ng'ambo ya ziwa, Olive alikuwa ameshachota maji mara mbili. Bomba la mtaani kwao, chini ya milima ya Uvira, lilikuwa limekauka tangu mafuriko. Mama yake alikuwa na mtoto wa wiki tatu, kwa hiyo vidumu vyote vilikuwa vya Olive. Alipofika darasani, darasa la sita, mabega yalimuuma na kope zilimlemea.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya furaha. Mwalimu Thaddée alikuwa na kikundi cha wanafunzi kumi aliowafundisha kutafuta njia kwa simu inayosoma satelaiti. Jumamosi ya kwanza alificha kopo la maziwa ya unga ufukweni, akawapa namba za ramani zinazoonyesha mahali hapo tu. Simu iliwafikisha karibu, kisha wakapekua mawe mpaka wakalipata. Ndani mlikuwa na daftari. Waliandika majina yao, wakalirudisha kopo palepale ili wengine nao walitafute. Jumamosi ya pili walishindana kukimbia kupitia vituo sita, simu ikihesabu dakika.

Jumamosi ya tatu hapakuwa na cha kutafuta wala wa kumshinda.

"Leo tunachora ramani ya maji," Mwalimu alisema. "Fika penyewe, tazama, gusa maji, ndipo uweke alama. Si mchezo kama ile mingine."

Olive hakuona tofauti. Kwake zote zilikuwa safari za simu.

Yeye na rafiki yake Irakoze walipewa visima vinne na chemchemi moja mlimani. Walimaliza visima saa sita, jua likiwaka. Walipotazama njia ya mlimani, Irakoze aliketi juu ya jiwe.

"Olive, minye siwezi tena. Miguu imekufa."

"Hata minye. Lakini maji iko pale. Mwaka uliopita nilichota na mama."

"Weye unajua kweli?"

"Najua. Chemchemi itaenda wapi?"

Olive aliitafuta chemchemi kwenye ramani ya simu, akabonyeza kwa kidole, alama ikakaa. Akaandika: *Maji yanatoka vizuri.* Irakoze alitazama pembeni. Wakarudi nyumbani, na mchana huo Olive alilala kama gogo.

Mwalimu aliwasifu. Alichapisha ramani, akaibandika ukutani kwa mkuu wa mtaa, ambaye watu humwita shefu.

Siku ya Alhamisi, Olive akitoka shuleni, alimkuta jirani yao, Mama Félicité, ameketi kando ya njia. Alikuwa mjane mwenye umri mkubwa, anayeishi kwa kukausha ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Kidumu kilikuwa mgongoni bado, kamba yake kwenye paji la uso, na hakikuwa na maji. Goti lake lilivuja damu.

"Mama Félicité! Ulianguka wapi?"

"Kule juu, mutoto wangu. Karatasi ya shefu inasema maji iko. Nimepanda tangu asubuhi. Nimekuta udongo mutupu, mulima umeporomoka. Nikateleza." Alifumba macho. "Pengine nilisoma vibaya. Macho yangu imechoka."

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Yule mama alikuwa ameshajilaumu mwenyewe. Akamfungua kamba, akachukua kidumu.

"Ulisoma vizuri, Mama. Mimi ndiye niliandika. Sikufika."

Mama Félicité alimtazama. Hakugomba. "Nisaidie kusimama," alisema tu, na hilo lilimuuma Olive kuliko kofi.

Alimfikisha nyumbani, akampa kidumu kimoja cha maji ya kwao. Kisha akarudi shuleni, akamweleza Mwalimu yote. Mwalimu alikwenda papo hapo kwa mkuu wa mtaa na kuikata alama ile kwa kalamu.

"Nilichoka, Mwalimu," Olive alisema, machozi yakimtoka.

"Najua ulichoka. Ungeniambia: *Hatukufika.* Ni neno moja tu."

Jumamosi iliyofuata Mwalimu, Olive na Irakoze walipanda polepole, wakipumzika mara kwa mara. Juu walikuta njia imemezwa na udongo mwekundu. Mwanamke aliyekuwa akipalilia mihogo aliwaita.

"Munatafuta maji? Yalihama. Piteni huku, chini ya mawe."

Maji yalitoka mahali papya, membamba lakini safi. Olive aliyakinga mikononi, akanywa, ndipo akaweka alama. Akaandika pia: *Njia ya zamani imeporomoka. Pitia shamba la mihogo.*

Mwalimu Thaddée aliketi, akajifuta jasho.

"Sasa sikilizeni. Ukilikosa kopo lililofichwa, umepoteza mchana wako. Ukishindwa mbio, umeshindwa wewe. Ila anayechora ramani, watu wasiomjua wataweka miguu yao juu ya neno lake. Kuchoka si kosa, watoto wangu. Kosa ni kumtwisha mwingine uchovu wako kwa uongo."

Jioni Olive alibandika karatasi mpya. Mama Félicité alikuja akichechemea, akaisogelea mpaka pua ikakaribia ukuta.

"Weye mwenyewe umefika?"

"Nimefika, Mama. Nimekunywa."

"Basi kesho nitapanda."

"Tutapanda wote," Olive alisema. "Kidumu nitabeba mimi."